Masharubu ya Mama Mkwe

Mama mkwe alitoka na masharubu. Tena hakutoka nayo mara moja. Alitoka nayo mara arobaini na nane, mazito, yamepinda juu kwenye ncha, na sherehe yake ya kutimiza miaka sabini ilikuwa kesho saa tisa alasiri.

Fundi Kutu aliyagundua Ijumaa asubuhi, alipozitoa kadi za mwisho kwenye maji safi na kuzibana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba. Alirudi nyuma hatua mbili ili aifurahie kazi yake. Akatazama. Akafuta macho kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na dawa, akatazama tena. Sura arobaini na nane za shaba zilining'inia mbele yake, zote zinang'aa, zote zina macho ya mama mkwe, kidevu cha mama mkwe na kilemba cha mama mkwe, na chini ya pua zote zina masharubu ya mkuu wa polisi mstaafu.

"Mungu wangu," alisema Kutu, akakaa juu ya ndoo.

Kazi yake ilikuwa kukata shaba bila kuikata. Hakuwa na msumeno wala patasi. Alichukua bati la shaba jembamba kama jalada la daftari, akalivika pande zote mbili ngozi laini ya plastiki na kuigandisha kwa pasi. Juu yake akaweka filamu yenye picha, akawasha taa. Penye mwanga ngozi iliganda; penye kivuli ilibaki laini na kutoka kwa maji ya magadi. Kisha bati likaingia kwenye beseni la dawa, rangi yake kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na dawa ikala kila mahali penye shaba uchi. Baada ya saa moja hivi kilichobaki kilikuwa mistari tu, myembamba mpaka mtu anaogopa kuipumulia. Kutu aliweza kukutolea jani na mishipa yake yote, au hereni kama utando wa buibui. Vidole vyake vilikuwa vya kahawia tangu zamani, na jina lake la kweli watu walikuwa wamelisahau. Pasi ilikuwa ya mkewe. Mkewe alinyoosha nguo kwa kuziweka chini ya godoro na kuzilalia.

Dawa ina sheria moja tu. Kitu ambacho hakikushikwa na kitu kingine kinadondoka. Ukichora jicho peke yake katikati ya uso, dawa ikimaliza kula, jicho linazama chini ya beseni. Kwa hiyo kila mstari lazima ushikwe na mwenzake, na pasipo na mstari wa kushika, fundi anaongeza kijistari cha shaba cha kushikilia. Mafundi wanakiita daraja.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa chanzo hakikuwa dawa. Chanzo kilikuwa miwani.

Mchoro wa kwanza ulikuwa na miwani, kwa sababu mama mkwe huvaa miwani. Ulikuwa mchoro mzuri ajabu. Miwani ilishika masikio, pua ikaning'inia kwenye miwani, mdomo ukaning'inia kwenye pua, uso mzima umetulia kama nguo kwenye henga. Mama mkwe aliuangalia kwa kuunyoosha mbali kwa urefu wa mkono wake.

"Huyu bibi ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, mama."

"Mimi sivai miwani."

"Mama, umeivaa sasa hivi."

"Hii nimeivaa nikuone wewe vizuri. Itoe."

Kutu akaitoa. Akafanya bati la majaribio, na pua ikadondoka. Aliitafuta kwenye beseni kwa kibanio cha plastiki nusu saa, lakini kipande kidogo vile, dawa huwa inakimaliza yenyewe. Pua ya mama mkwe ililiwa kabisa.

Basi hofu ya pua ikamwingia. Alichora daraja kutoka chini ya pua kwenda shavu la kushoto, na jingine kwenda shavu la kulia. Akayanenepesha. Akayapinda kidogo juu, yashike vizuri. Mdomo nao akauning'iniza hapo hapo. Kwenye karatasi kubwa yalionekana kama mikunjo ya tabasamu. Na kwenye filamu mambo yote yako kinyume, kinachobaki ni kiangavu na kinacholiwa ni cheusi, wala fundi haangalii sura. Anaangalia kama kila mstari umeshikwa. Kutu aliyapitia madaraja kwa lenzi moja moja, kama mtu anayekagua banda la kuku kabla ya kulala. Hakuna lililokatika. Akaridhika. Mabati sita, sura nane kila bati, zote ndani ya dawa bila jaribio jingine, kwa sababu shaba nyembamba namna ile huagizwa na huchukua wiki tatu kufika.

Sasa alikaa juu ya ndoo akiwaza chumba.

Chumba kilikuwa cha mama mkwe, nyuma ya nyumba yake, zamani kilikuwa stoo. Alimpa Kutu miaka miwili iliyopita kwa moyo mmoja, na tangu siku hiyo moyo huo ulikuwa unapungua. Kwanza sakafu ilipata madoa ya manjano yasiyotoka kwa chochote. Kisha Kutu akamwaga dawa iliyochoka kwenye sinki la jikoni. Dawa ilikuwa imechoka kula shaba, lakini bomba la sinki lilikuwa mlo mpya. Siku ya tatu mama mkwe alifungulia maji mbele ya mgeni, na maji yote yakatoka miguuni pa mgeni.

Wiki hiyo hiyo alimwita Kutu sebuleni.

"Mkwe," alisema, "nataka kadi za shaba zenye sura yangu, kila mgeni aondoke na yake. Zikinipendeza, chumba ni chako na sitakisema tena. Zisiponipendeza, Jumatatu baada ya sherehe anahamia msusi."

Msusi hakuwa wa kutishia tu. Alikuwa ameshakuja kupima dirisha. Pazia zake mbili zilikuwa kwenye mfuko nyuma ya mlango wa Kutu, eti zizoee mahali. Na Kutu hakuwa na pengine pa kwenda. Hakuna mwenye nyumba mwingine mjini ambaye angekubali mabeseni ya dawa chini ya paa lake, hasa akisikia habari za bomba.

Mkewe aliingia na kikombe cha chai. Aliona kamba. Akakiweka kikombe chini polepole, akaketi sakafuni karibu nacho, na mabega yakaanza kutikisika.

"Usicheke," alisema Kutu.

"Sicheki. Nalia. Mama yangu amekuwa afande."

"Ni madaraja hayo."

"Yamejengwa mahali pabaya."

"Yasingekuwepo, pua ingeanguka."

"Bora ingeanguka! Niambie ukweli, mume wangu. Ulimchora siku uliyokuwa umemkasirikia?"

"Sikumkasirikia!"

"Hata siku ya bomba?"

"Siku ya bomba aliyekasirika alikuwa yeye."

Mkewe alisimama, akaenda kwenye kamba, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. "Huwezi kuyanyoa?"

Kutu alichukua mkasi mdogo, akabandua kadi moja na kuyakata masharubu kushoto na kulia. Pua na mdomo vikaanguka mezani pamoja. Kilichobaki kilikuwa kilemba, macho mawili na kidevu, na katikati uwazi kama dirisha la tiketi. Mkewe aliiokota pua kwa ncha ya kidole.

"Hii ndiyo pua ya mama?"

"Ndiyo."

"Mbona ni yangu mimi?" Akaishikilia karibu na pua yake mbele ya kioo kidogo cha kunyolea, na kwa muda mfupi hakucheka. Kisha akaiona ile sura yenye dirisha, akaanza upya.

"Badala ya kucheka, nisaidie kufikiri," alisema Kutu.

"Nafikiri. Kadi zinabandikwa kwenye karatasi nyeusi, siyo? Basi yapake masharubu rangi nyeusi. Yatapotelea kwenye weusi, mtu hatayaona."

Hilo lilikuwa wazo la mtu mwenye akili, na Kutu alilipokea kwa mikono miwili. Alichukua dawa nyeusi ya viatu na kijiti cha kiberiti, akapaka kwa uangalifu mkubwa, akalaza kadi juu ya karatasi nyeusi. Wakainama wote wawili.

Mistari yote ya uso ilikuwa ya dhahabu, na katikati yake, meusi ti, yanang'aa kwa mafuta, yalikuwa masharubu.

"Sasa ni kijana," alisema mkewe.

Kutu alikuwa anahesabu kichwani. Sura arobaini na sita nzima, moja haina pua, moja imepakwa dawa ya viatu, saa ishirini na nane kabla ya sherehe, na shaba iliyobaki haitoshi kutengeneza hata sikio.

Wakati huo mlango ulisukumwa, akaingia mjomba. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa mama mkwe, karani mstaafu, mnene, mpole wa sauti, amefika siku moja kabla ya sherehe na alikuwa anatafuta choo. Ni mke wa Kutu aliyemwita mjomba, na Kutu naye akafuata. Alikuwa na masharubu yake mwenyewe, ya mvi, anayapaka mafuta kila asubuhi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba wanangu. Choo ni kipi, hiki cha..." Alikuwa ameona kamba. Mkono wake ulipanda taratibu, ukavua kofia.

"Baba," alisema.

Kutu na mkewe walitazamana.

Habari ya baba yao kila mtu katika ukoo aliijua, maana ililetwa mezani kila walipokutana. Mzee yule alikuwa na picha moja tu, na mchwa waliila ikiwa kwenye fremu. Alichoacha cha maana kilikuwa kiti, kiti kipana cha mbao chenye mikono, alichokalia yeye peke yake maisha yake yote. Alipofariki, watoto walibishana nani akichukue. Mjomba alisimama mbele yao, akasokota masharubu yake na kusema, "Niangalieni. Anayefanana naye ndiye akikalie." Mama mkwe alisema yeye ndiye anayefanana naye kuliko wote. Wakamcheka, kwa sababu hakuwa na cha kusokota. Miaka thelathini na moja kiti kilikuwa kwa mjomba, na miaka thelathini na moja mama mkwe hakukaa kwenye kiti chochote nyumbani kwa kaka yake. Akienda kumsalimia, alisimama.

Mjomba alisogelea kamba. Alisoma sura ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akakiona kilemba, akaelewa ni uso wa nani, na rangi yake ikabadilika.

"Hii ni ya dada yangu?"

"Ndiyo, mjomba. Kuna kosa kidogo pale chini ya..."

"Ameziona?"

"Bado."

Mjomba akafunga mlango kwa kisigino. "Sikiliza, mwanangu. Hiyo dawa yako inakula shaba yote?"

"Ukiiacha, inakula."

"Basi zirudishe humo. Zote. Sasa hivi. Mwambie zimeharibika, mwambie umeme, mwambie lolote. Mimi nitasema nami nilikuwepo, nitakutetea."

"Mjomba, nikimwambia zimeharibika natolewa chumba."

"Utapata chumba kingine!"

"Wapi?"

Mjomba alichukua kadi tatu kwenye kamba kwa mkono wake mwenyewe, akaelekea kwenye beseni. Mke wa Kutu akamshika mkono wa koti. "Mjomba, hiyo dawa inakula na koti." Mjomba akasita, maana koti lilikuwa la kesho, na katika kusita huko mlango ukafunguliwa tena.

"Kelele za nini nyumbani kwangu?" alisema mama mkwe.

Mjomba aliweka mikono nyuma. Mama mkwe alitazama kamba, akakunja macho, akatazama tena. Kisha akatoa miwani mfukoni, akaivaa bila kumwangalia mtu, na kuanza kupita mbele ya kadi kama anayekagua gwaride.

Kutu aliyatazama mabeseni yake matatu. Akautazama mfuko wa pazia.

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Nani kaniwekea masharubu?"

"Siyo masharubu, mama. Ni daraja."

"Daraja la kwenda wapi?"

"La kutoka kwenye pua, mama, kwenda kwenye shavu. Ulipokataa miwani, pua ilikosa pa kushika."

"Kwa hiyo kosa ni langu."

"Hapana, mama. Ni la pua."

Mama mkwe alivuta pumzi ndefu, ile ambayo katika nyumba ile ilikuwa ikija kabla ya uamuzi, na Kutu akajua kwamba neno linalofuata ni Jumatatu.

"Mimi sikusema mnafanana!" alisema mjomba.

Mama mkwe akageuka taratibu.

"Hukusema nani anafanana na nani?"

"Hakuna. Sikusema kitu. Nilikuwa natafuta choo."

"Umeshika nini huko nyuma?"

"Sijashika kitu."

"Kaka."

Mjomba akatoa mikono. Mama mkwe akachukua kadi moja, akaenda nayo dirishani penye mwanga. Aliiangalia muda mrefu. Kidole gumba chake kilipita juu ya kidevu cha shaba, kikapita juu ya yale masharubu mara moja, polepole, kama anayeyalaza. Macho yake yalilowa kidogo, lakini hayo yalidumu kwa kiasi cha kukohoa tu.

"Njoo hapa," alimwambia kaka yake. "Simama kwenye mwanga. Geuka. Siyo huko, huku." Akainua kadi karibu na shavu lake. "Wanangu, semeni."

"Mama, mimi babu sikumjua," alisema mke wa Kutu.

"Yeye alimjua. Sema, kaka. Ulipoingia hapa ulisema nini?"

Mjomba alitazama kofia yake. Alikuwa karani mwaminifu miaka yote ya kazi, na uongo hakuuzoea. Ndiyo maana alikuwa anausema vibaya.

"Nilisema baba," alisema.

"Ehee!" Mama mkwe alipiga kofi la paja lililosikika mpaka barabarani. "Wewe unafuga masharubu miaka hamsini na hujamfikia. Mimi nimewekewa leo tu!"

"Ni ya shaba hayo, dada."

"Na uso ulioko chini yake ni wa shaba? Kiti kije."

"Dada, tuongee."

"Tumeongea miaka thelathini na moja. Kiti kije."

Kesho yake wageni walipewa kadi zao mlangoni. Vijana waliuliza kama bibi alikuwa jeshini. Lakini wazee, mmoja baada ya mwingine, waliishika kadi, wakaulizana, "Huyu si mzee mwenyewe?" Kila mmoja aliposema hivyo, mama mkwe alinyoosha kidole kwa kaka yake upande wa pili wa ukumbi, akanyanyua vidole kumwonyesha idadi. Ilipofika kumi, mjomba akanyanyua mikono yote miwili.

Kiti kililetwa Jumapili kwenye mkokoteni. Sebuleni hakikuingia, kilikuwa kipana kuliko mlango, na hata kingeingia, makochi yangekaa wapi? Kilijaribiwa jikoni. Kilijaribiwa korido. Mwishowe mama mkwe alisimama uani, akaangalia nyuma ya nyumba, kwenye mlango mpana wa stoo ya zamani, na Kutu akaelewa kabla hajaambiwa.

"Chumba ni chako, mkwe," alisema mama mkwe. "Nilisema, sirudi nyuma. Nataka kona tu."

Msusi alikuja kuchukua pazia zake Jumatatu.

Gharama ya kisa chote ni hii. Mabati saba ya shaba, pamoja na lile la majaribio. Dawa galoni mbili. Kopo moja la dawa ya viatu. Pasi, ambayo mkewe aliichukua siku ile ile na kuifungia kabatini, akisema ameona inavyotumika. Pua mbili: moja ililiwa, nyingine mkewe ameibandika kwa gundi pembeni ya kioo. Kadi yenye dirisha alibaki nayo Kutu, na yenye masharubu meusi alipewa mjomba. Chumba kina urefu wa hatua tisa, na kiti kimechukua tatu na nusu. Mabeseni yalikuwa matatu, sasa yanaenea mawili. Mama mkwe anakuja kukaa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita, na miwani anaivaa, na kila bati linaloingia kwenye dawa anauliza limeshikwa na nini. Hizo ni siku sita. Ya saba, kwa makubaliano yao, anakuja mjomba kukikalia kiti.